Kidole Ndani ya Kichupa

Kilichostaafu hasa ni kidole gumba changu cha kulia. Mimi nimekifuata tu. Miaka kumi na minne ya kubonyeza pipeti, kile kibomba cha kupimia matone, kutwa nzima ilikifanya kiwe kinakwama kila asubuhi kama bawaba iliyoshika kutu, na daktari wa mifupa akaniambia niache kabla hakijakataa kabisa. Nina miaka thelathini na sita. Mlinipa blanketi na kiti cha kupumzikia, kana kwamba nina sabini. Asanteni. Kiti ni kizuri.

Nyinyi mliobaki kwenye meza ile ya maabara mmeniuliza mara nyingi kwa nini juu ya sinki pamebandikwa karatasi ya mkono inayosema "Hakuna kidole ndani ya kichupa", na kwa nini kichupa cha sifuri, kile kisicho na seli ndani, lazima kitoke katika vichupa vilivyooshwa na si katika pakiti mpya. Nimekuwa nikijibu kwamba ndio utaratibu. Sasa kwa kuwa hakuna tena wa kunifukuza, niwaambie utaratibu huo ulitoka wapi.

Nilianzia kwenye maziwa. Baada ya kidato cha nne niliajiriwa katika kituo cha kukusanya maziwa kule Olenguruone, ambako asubuhi baridi huingia mpaka chini ya kucha. Kazi yangu ilikuwa kukagua mitungi ya wakulima. Tulikuwa na njia yetu: unaingiza kidole, unakizungusha ndani ya mdomo wa mtungi. Chuma safi hutoa mlio. Chuma chenye utando wa mafuta hunyamaza na kidole huteleza. Mtungi ukinyamaza, mwenyewe anarudi nao nyumbani. Nilirudisha mitungi mingi. Wakulima waliniita Kidole, na wakifika getini walikuwa wakiulizana kwa sauti nisikie, "Kidole ameamka vizuri leo?" Sikuwahi kuamka vizuri. Nilikuwa nikiota mtungi mmoja mchafu umenipita na wilaya nzima inaumwa tumbo.

Nilipofikisha miaka ishirini na miwili nilisikia kwamba maabara moja ya utafiti mjini Nakuru inatafuta mtu wa kuosha vyombo. Aliyenihoji alikuwa Mzee Barasa, mtaalamu mkuu wa maabara, mtoto wa mfanyakazi wa reli, aliyekulia katika nyumba za reli na kuitazama saa ya ukutani kama mtu anayesubiri gari moshi lichelewe ili apate kulilaumu. Hakuniuliza chochote kuhusu vyeti, jambo lililokuwa jema kwa sababu nilikuwa na cha kidato cha nne tu. Alinipa chupa chafu na brashi. Nikaiosha, nikaizungushia kidole, ikalia.

"Umefundishwa wapi hiyo?" akauliza.

"Kwa maziwa, Mzee."

"Sawa. Hapa pia ni mafuta. Ni vile tu mwenyewe anaweza kuongea."

Siku ya kwanza niliwahi kujiaibisha kabla ya saa nne. Kazi yetu ilikuwa kupima mafuta ya mwili wa binadamu. Mtu akienda kufanyiwa upasuaji wa nyongo au wa ngiri, na akiwa amekubali kwa maandishi, daktari alimkatia kipande cha mafuta cha ukubwa wa haragwe kutoka chini ya ngozi, nasi tulikikimbiza maabara. Nilitumwa kukichukua. Nikachukua ndoo ya barafu, kama mtu yeyote mwenye akili aliyewahi kubeba maziwa.

"Hiyo barafu ni ya nani?" Mzee Barasa akauliza mlangoni.

"Ya sampuli, Mzee."

"Hizo seli dakika tano zilizopita zilikuwa ndani ya mtu na shati lake. Wewe unataka kuzipeleka Olenguruone? Weka kichupa kwapani, ndani ya sweta. Na usiongee na mtu njiani."

Basi nilivuka uwanja wa hospitali nikiwa nimebana mafuta ya mtu kwapani, nikihesabu hatua. Miaka yote iliyofuata, kabla ya kununuliwa lile sanduku la joto mnalolilalamikia kwamba ni zito, mafuta ya watu wa Nakuru yalipita kwapani mwangu.

Niwaeleze kazi yenyewe jinsi nilivyoielewa mimi, kwa maana nilijifunza peke yangu kwa kunakili miongozo ya maabara katika daftari za mistari, neno kwa neno, hata pale nisipoelewa. Seli ya mafuta ni ghala. Ndani yake kuna vimeng'enya vinavyovunja mafuta ili mwili uyatumie, na kila mafuta yanapovunjwa hutoka kitu kinachoitwa gliseroli. Ukitaka kujua vimeng'enya vinafanya kazi kiasi gani, unapima gliseroli iliyotoka. Insulini ikija huviambia vitulie, kwa sababu mtu amekula na hakuna haja ya kufungua ghala. Swali la mradi wetu lilikuwa hili: kwa watu wanene, insulini bado inasikika? Tulikuwa tunakata tishu vipande vidogo, tunaitikisa katika maji ya vuguvugu pamoja na kimeng'enya kinacholegeza kamba zinazoshikilia seli, na baada ya muda seli zinaelea juu kama malai juu ya maziwa. Hapo nilijisikia nyumbani. Kisha tunazigawa: vichupa vingine bila insulini, vingine na insulini, na kimoja tupu, kile cha sifuri, kuonyesha mashine inasoma nini pasipo seli. Vichupa vilikuwa vya plastiki, maana seli za mafuta hupasuka zikigusa kioo, na kwa kuwa havikupatikana kwa urahisi tulikuwa tunaviosha na kuvirudia.

Katika mwaka wa pili nilikuwa nimeachiwa meza. Nilikuwa na wasiwasi ambao sikumwambia mtu. Nilirudi kuangalia friji mara tatu kabla ya kuondoka. Lebo ikitoka herufi moja imepinda niliibandua na kuandika upya. Mzee Barasa alinikuta nikiandika lebo ile ile mara ya nne akasema, "Chebet, hiyo si kadi ya harusi." Nilicheka, nikasubiri aondoke, nikaiandika mara ya tano. Nilijua kwamba wenzangu wa hospitalini wana diploma na digrii, na niliamini kosa moja tu lingewaonyesha wote mimi ni nani: msichana wa mitungi.

Kwa hiyo niliosha. Niliosha vichupa kupita alivyonielekeza mtu yeyote: sabuni, maji ya moto, maji safi mara sita, na mwisho maji yaliyosafishwa. Glavu nilizivua, kwa sababu kidole chenye glavu hakisikii kitu. Kisha kila kichupa, kimoja kimoja, nilikizungushia kidole ndani ya mdomo mpaka kilie. Kikilia, nilikipanga kikauke.

Ukiishi Nakuru unaijua Januari na Februari yake. Upepo mkavu, vumbi jeupe, midomo inapasuka hata ya wachungaji. Mikono yangu, iliyokuwa majini kutwa, ilipasuka mpaka ikatoa damu kwenye vifundo. Nikaanza kutumia gliserini, ile ya chupa ndogo inayouzwa katika kila duka la dawa. Nilipaka asubuhi, saa nne, saa saba, saa tisa. Chupa ilikaa katika mfuko wa koti langu jeupe.

Najua wengine mmeshaona. Mimi sikuona. Nilikuwa nimenakili neno gliseroli katika daftari zangu mara nyingi kuliko jina la mama yangu, na sikuona.

Miezi hiyo ndiyo tuliyopokea sampuli za watu wanene, kumi na mmoja kwa jumla. Za watu wembamba tulikuwa tumezimaliza wakati wa mvua, mikono yangu ikiwa mizima. Na majibu yalikuwa ya kupendeza. Katika mafuta ya wale kumi na mmoja, insulini ilikuwa kama mtu anayegonga nyumba isiyo na watu. Weka insulini, usiweke, gliseroli ilikuwa karibu ile ile. Daktari mkuu wa mradi alianza kuandaa ripoti. Mzee Barasa, ambaye husifu mtu mara moja kwa msimu, alitazama vichupa vyangu vya sifuri akasema, "Hizi sifuri zako ni safi sana." Zilikuwa safi kwa sababu nilikuwa nazitengeneza katika vichupa vipya vya pakiti. Vichache tulivyokuwa navyo nilivihifadhi kwa ajili hiyo tu. Nilitaka mstari wa sifuri ulale chini kabisa, mzuri, mtu akiuona ajue umeandikwa na mtu makini. Hakuna aliyeniagiza hivyo. Yalikuwa majivuno.

Kosa la pili lilikuwa la mdomo. Mmoja wa wale kumi na mmoja alikuwa Mama Njoki, fundi wa nguo wa mtaa wa Free Area aliyeshona sare za shule, aliyetolewa mawe ya nyongo na aliyekuwa pia na ugonjwa wa sukari. Alikuwa akija kliniki, na akitoka alipita kwenye dirisha letu.

"Sasa mrembo. Ni wewe ulibeba mafuta yangu?"

"Ni mimi, mama."

"Yalikuwa mazito?"

"Yalikuwa kidogo tu, mama. Kama haragwe."

"Hayo mengine nimebaki nayo, basi. Na yamesema nini?"

Fomu aliyotia sahihi ilisema wazi kwamba majibu ya mtu mmoja mmoja hayatatolewa. Niliijua fomu hiyo kwa moyo, maana niliinakili. Lakini alikuwa ameegemea dirisha akinitazama kana kwamba mimi ni mtu anayejua kitu, na hakuna aliyewahi kunitazama hivyo tangu mitungi.

"Hayasikii insulini vizuri," nikasema.

"Ati hayasikii?"

"Hayasikii vizuri."

"Kwa hivyo si chakula. Dada ya mzee wangu anaambia watu nakula nikijificha. Kumbe ni mafuta viziwi."

Nilitingisha kichwa. Mpaka leo sijui kama nilitingisha kukubali au kukataa. Yeye aliondoka akicheka peke yake, na kicheko chake kilikuwa cha mtu aliyetuliwa mzigo.

Mwezi Machi alipita tena. Akaniambia amewacha kule kutembea asubuhi alikoambiwa na daktari. "Kama hayasikii, natembea nikiambia nani?" Tembe za sukari alikuwa anazimeza akikumbuka. Alisema kwa utani, na wateja wake wote, akasema, sasa wanajua habari za mafuta viziwi. Nilirudi mezani nikapanga upya pipeti zilizokuwa zimepangika.

Aprili mvua zilianza, mikono ikapona nusu, na pakiti ya vichupa vipya ikaisha. Asubuhi moja ilibidi nitengeneze sifuri katika vichupa nilivyoosha mwenyewe siku za ukavu na kuviweka kabatini. Mashine ikasoma. Sifuri haikuwa sifuri. Ilikuwa juu, karibu nusu ya gliseroli ya sampuli nzima.

Nililaumu maji. Nikabadilisha maji. Nikalaumu dawa za kupimia, nikafungua nyingine. Siku ya tatu, saa nane mchana, nilikuwa nimekaa nimechoka, mkono ukaingia mfukoni wenyewe kutafuta ile chupa ndogo. Nikaitoa. Nikaisoma lebo, ambayo haina maandishi mengi. Gliserini na gliseroli ni kitu kimoja. Duka la dawa na maabara hukiita kwa majina tofauti tu.

Nilichukua vichupa viwili vilivyooshwa siku hiyo. Kimoja sikukigusa. Kingine nilikizungushia kidole changu kilichopakwa, kama kawaida, mpaka kikalia. Kidogo hicho kilichobaki kwenye ngozi kilitosha. Nikatia maji matupu katika vyote viwili, nikapima. Nilirudia mara nane. Sikuwa na shaka baada ya mara ya kwanza. Sikutaka tu kuinuka kwenye kiti.

Mkitaka kuelewa ubaya wake, fikirieni ndoo mbili, moja ina maji kidogo, nyingine mengi. Ukimwaga debe zima katika kila moja, tofauti bado ipo, lakini macho hayaioni. Kidole changu kilikuwa debe hilo. Insulini ilikuwa inasema, na huenda vimeng'enya vilikuwa vinatii. Mimi ndiye niliyekuwa napiga kelele juu yake. Na mafuta yale hayakuweza kupatikana tena. Hutamwambia mtu alale mezani apasuliwe tena kwa sababu ulipaka mikono.

Mzee Barasa alikuwa anakunywa chai. Nilimwekea karatasi ya namba mbele yake pamoja na chupa ya gliserini. Alitazama karatasi, akatazama chupa, akatazama mikono yangu.

"Zote kumi na moja?"

"Zote, Mzee. Za mvua ziko sawa. Nimeangalia."

"Umeangalia mara ngapi?"

"Nane."

"Hiyo naamini." Akamaliza chai. Nilikuwa nimeshavua koti na kulikunja, lilikuwa mkononi. Akaliona. "Hilo koti linaenda wapi?"

"Nilidhani..."

"Vaa. Makosa ya vichupa ni ya kazi, yanaandikwa. Kuna mtu umemwambia majibu?"

Hapo ndipo nilipotamani angenifukuza. "Mmoja. Mama Njoki. Amewacha kutembea."

Akakisukuma kikombe kando. "Ya vichupa nitamwandikia daktari mkuu mimi. Wewe enda Free Area, leo. Na usiende na maneno ya kitabu."

Nilimkuta mashineni, anashona kola ya shati la shule. Alifurahi kuniona, akanivutia stuli. Nilimwambia yote kwa mfululizo: mikono, gliserini, vichupa, namba. Mguu wake uliendelea kukanyaga cherehani mpaka nilipofika kwenye namba.

"Kwa hivyo yanasikia?"

"Hatujui, mama. Huenda yanasikia, huenda hayasikii vizuri. Kipimo changu kilikuwa kibovu. Na hata kama hayasikii, kutembea kunasaidia. Tembe pia. Hilo halitegemei kipimo changu."

"Hamjui." Akakata uzi kwa meno. "Unajua miaka mingapi nimeitwa mvivu? Nikiwa nimekaa hapa kutoka asubuhi mpaka jioni? Hiyo ya viziwi ndiyo ilikuwa ya kwanza kuniambia si mimi. Sasa umekuja kuichukua."

"Ndiyo, mama. Pole."

"Ungenyamaza. Nani angejua?"

"Mimi."

Akageuza kola, akaitazama upande wa ndani, akaona mahali mshono ulipopinda upana wa unywele. Akaanza kuufumua. Hakunitazama. Alifumua mshono wote, akaupanga upya, akaushona. Kisha akasema, "Kesho saa kumi na mbili asubuhi uko wapi?"

"Nyumbani, mama."

"Hapana. Uko hapa na viatu vya kutembea. Umeniharibia, utanirudisha."

Tulitembea kila asubuhi ya wiki, miezi mingi. Siku za kwanza hakusema nami. Alitembea mbele, mimi nyuma kama mdaiwa. Wiki ya pili aligeuka akaniuliza kama watu wa Olenguruone wote hutembea polepole hivyo. Tembe alirudia kumeza kwa saa. Sukari yake ilishuka, ikapanda Krismasi, ikashuka. Hayo si matokeo ya kuandika mahali, na mafuta yake hayakupimwa tena kamwe. Hajui kama ni viziwi. Nami sijui.

Majibu ya wale kumi na mmoja yamo bado katika rejista, ile ya zamani yenye jalada la buluu. Mzee Barasa alinipa rula akaniambia nipige mstari mmoja tu juu ya kila jibu, namba iendelee kusomeka chini yake, na pembeni niandike sababu na jina langu. Niliandika mara kumi na moja, "Kidole chenye gliserini ndani ya kichupa. Chebet." Ni kurasa pekee nilizowahi kuandika bila kurudia. Ripoti ilisimamishwa. Kukusanya watu wengine kulichukua zaidi ya mwaka, na tulipopima kwa vichupa visivyoguswa, tofauti kati ya wanene na wembamba ilikuwepo, ndogo kuliko ile niliyokuwa nimeitengeneza kwa mkono wangu, na yenye matata zaidi. Wengine wanene, vimeng'enya vyao vilitulia vizuri kabisa vilipoambiwa. Nilifurahi nayo kama mtu anavyofurahia chakula cha kawaida baada ya kuumwa.

Kanuni ya sifuri kutoka vichupa vilivyooshwa, ili uchafu wetu uonekane humo, ilianza siku ile ya rula, na karatasi ya juu ya sinki niliiandika jioni yake. Herufi ya tatu imepinda. Nimeiacha hivyo.

Tangu hapo sikupaka kitu mikononi siku za kazi, na kila Januari vifundo vyangu vilipasuka, na baadhi yenu mlidhani ni ugonjwa wa ngozi. Mlikuwa na adabu ya kutouliza. Kazi hii haikuniponya wasiwasi. Bado narudi kuangalia mlango. Ila nilijifunza kwamba mkono unaotaka sana kuwa safi nao ni kitu kilichoingia kwenye kipimo, na unapaswa kupimwa kama vingine.

Siku ya chai ya kuniaga, Mzee Barasa, aliyestaafu zamani kwa sababu za kawaida za umri, alikuja akachelewa kwa dakika mbili na kuilaumu saa yetu. Mama Njoki alikuwa naye, walikutana getini. Mlikuwa mnagawana keki, hamkuona. Mzee alitoa mfukoni chupa ndogo ya gliserini, mpya, akaiweka mezani mbele yangu.

"Mikono imekuwa kama ya fundi wa mawe," Mama Njoki akasema. "Paka."

Niliifungua. Nikamimina kidogo kiganjani, kisha nikasimama nayo hivyo, nikitazama meza yote, halafu rafu, halafu sinki, kuhakikisha hakuna kichupa kilichoachwa wazi.

"Hakuna," akasema Mzee Barasa. "Nimeshaangalia."

Nikapaka.